Kutambua Sura kwa Mchoro wa Mkono: Mwongozo Kamili, Kuanzia kwa Shahidi hadi Gwaride la Utambulisho

Mchoro wa mtuhumiwa una kazi moja tu: kumfanya mtu anayemfahamu aliyechorwa aseme jina. Hauthibitishi kosa, wala peke yake hautoshi kumshika mtu mkono barabarani. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu hapa Kigoma, kuanzia Mwanga hadi Kibirizi, picha ikishaingia kwenye kundi la WhatsApp haichukui muda kugeuka hukumu, na aliyejaliwa kufanana nayo anaweza kukutana na mawe kabla polisi hawajafika. Kila hatua iliyo hapa chini ina shabaha mbili kwa pamoja: kumpata aliyefanya, na kumlinda asiyefanya.

Wanaohusika ni watatu: mchoraji anayeitwa kusaidia, askari anayemhoji shahidi, na mwenyekiti wa mtaa anayeletewa mchoro ili aulize watu wake. Mara nyingi mchoraji ni mwalimu wa sanaa au fundi wa mabango ambaye hajawahi kufundishwa kazi hii. Anajua kuchora, lakini kuchora ni nusu tu ya kazi.

Je, mchoro unahitajika?

Kama shahidi anamfahamu mhusika, usichore. Andika jina, au lakabu, au "yule kijana anayeuza vocha karibu na stendi", pamoja na tarehe na saa aliyolitaja. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilieleza katika shauri la Marwa Wangiti Mwita la mwaka 2002 kwamba shahidi kumtaja mtuhumiwa mapema iwezekanavyo ni jambo linaloupa ushahidi wake uzito. Kumchora mtu anayejulikana ni kupoteza saa zenye thamani.

Kama ni mgeni kwake, pima kwanza alimwona vizuri kiasi gani. Shauri la Waziri Amani (ni jina la mtu, si cheo) la mwaka 1980 ndilo linaloongoza hapa, na maswali yake ni mepesi kukumbuka. Alimtazama kwa muda gani? Kwa umbali gani? Mwanga ulikuwaje? Aliwahi kumwona kabla ya siku ile? Majibu yote yakiwa dhaifu, chukua maelezo ya mavazi, umbo na mwendo, uso uuache. Uso uliochorwa kutokana na kivuli ni hatari kuliko kukosa mchoro kabisa.

Suala la mwanga nalitilia mkazo kwa sababu ya ziwa letu. Mtu aliyeporwa usiku mwaloni, pale boti za uvuvi zinapotua, Katonga au Kibirizi, atasema "kulikuwa na taa". Ulizia taa ilikuwa wapi. Karabai au taa ya sola ikiwa nyuma ya mhalifu, shahidi aliona umbo la kichwa na masikio tu. Ikiwa mbele yake na karibu mno, mwanga ulifuta mikunjo na kuupausha uso, na rangi ya ngozi aliyoiona si ya kutegemea. Tochi ya simu iliyoshikwa chini hutupa vivuli juu, pua ikaonekana pana na macho yakazama. Kama hakukuwa na taa, ulizia mwezi. Wavuvi wa dagaa hupumzika mbalamwezi inapokuwa kali, kwa hiyo mtu wa mwaloni atakwambia kwa uhakika usiku ule ulikuwa wa giza au la.

Saa za kwanza

Kumbukumbu ya uso wa mgeni huchujuka haraka. Wachunguzi wa Uingereza walipowapa watu siku mbili kati ya kuona uso na kuuchora kwa msaada wa mtaalamu, michoro iliyotambuliwa na waliomfahamu mtu yule ilikuwa chini ya moja kati ya kumi. Siku ileile, au kesho yake asubuhi, ndiyo wakati wa kazi. Majeruhi lakini aende hospitali kwanza na PF3 yake, ile fomu ya polisi ya matibabu. Mtoto, au mwanamke aliyefanyiwa ukatili, apitie Dawati la Jinsia na Watoto, na mchoraji asubiri hadi aitwe.

Watenganishe mashahidi. Wakikaa benchi moja wakisimuliana, baada ya saa moja watakuwa na mhalifu mmoja wa pamoja, na hamtaweza tena kujua nani aliona nini. Usiwaonyeshe picha za simu, na wasipekue Facebook wakitafuta "anayefanana". Uso wowote watakaoutazama sasa unaweza kukaa mahali pa ule walioutafuta.

Halafu maelezo yaandikwe kabla ya penseli kugusa karatasi: jinsi alivyomwona, kwa maneno yake, pamoja na tarehe, saa na sahihi. Tangu mwaka 1942, katika shauri la Mohamed bin Allui, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilisema kwamba kuwapo kwa maelezo ya awali na yaliyomo ndani yake ni jambo la uzito wa juu kabisa pale utambuzi unapobishaniwa. Nimeona karatasi hii ikirukwa kwa sababu "mchoro upo". Mchoro hauwezi kuchukua nafasi yake. Siku moja mtu atasimama kizimbani, na wakili atauliza kama shahidi alisema habari za kovu kabla au baada ya kumwona mtuhumiwa.

Kumhoji shahidi

Tafuta chumba kisicho na mabango ya watuhumiwa wala picha za watu ukutani. Kama shahidi anajieleza vizuri zaidi kwa Kiha, Kibembe au Kirundi, mtafute mkalimani asiye ndugu yake wala ndugu wa anayeshukiwa. Bibi aliyetoka Kasulu atakueleza uso kwa Kiha kwa undani ambao Kiswahili chake hakiufikii.

Mbinu inayofaa zaidi ilianza kutengenezwa Marekani miaka ya 1980 na wanasaikolojia Ronald Fisher na Edward Geiselman. Msingi wake ni kumrudisha shahidi kwenye mazingira kabla ya kumuuliza habari za uso. Kwa Kiswahili chetu inaweza kwenda hivi:

"Shikamoo mama. Kazi yangu ni kuchora tu, mimi simjui aliyefanya. Hakuna jibu baya hapa. Usichokiona, sema hukukiona. Sasa turudi pale mlangoni jioni ile. Ulikuwa umeshika nini mkononi? Jirani walikuwa wanapika? Ulisikia nini kwanza?"

Mwache aseme bila kukatizwa, hata akianza na kuku na kumalizia na mvua. Akinyamaza, nyamaza naye. Mara nyingi jambo zito huja baada ya kimya hicho. Kisha muulize kwa maswali yaliyo wazi. "Alikuwa na ndevu?" ni swali baya, kwa sababu limeshapanda ndevu kichwani mwake. Sema, "Sehemu ya chini ya uso ilikuwaje?" Badala ya "Alikuwa mweupe?" sema, "Kati ya watu unaowafahamu, rangi yake inakaribia ya nani?" Mweupe wa Ujiji anaweza kuwa maji ya kunde kwa mtu wa mahali pengine.

Kuna jibu moja utakalolisikia sana Kigoma: "alikuwa na sura ya Kikongo," au "ya Kirundi." Usilichore. Tumeishi na ndugu wa ng'ambo ya ziwa na ng'ambo ya mpaka kwa vizazi, tumeoleana, na hakuna penseli inayoweza kuchora taifa. Muulize aliona nini hasa kilichomfanya aseme hivyo. Kama ni lafudhi au lugha, hilo ni jambo la sikio. Liandikwe kwenye maelezo, lisiingie kwenye uso. Mchoro unaotokana na dhana ya kabila utawaonea wakimbizi na wachuuzi wa boti, na aliyefanya ataendelea na shughuli zake.

Jambo jingine la kuulizia kwa upole: ana hakika sura hii ni ya siku ile? Baada ya mlipuko wa Oklahoma City mwaka 1995, wafanyakazi wa duka lililokodisha lori la mshambuliaji walisaidia kutengeneza michoro miwili. Wa kwanza uliwasaidia wapelelezi kulipata jina la Timothy McVeigh, kwa kuwa mwenye nyumba ya wageni aliitambua sura. Wa pili uliwafanya polisi wa nchi nzima wamtafute mtu ambaye hakuhusika: mwanajeshi aliyefika dukani hapo kesho yake kwa shughuli zake halali. Shahidi hakudanganya. Aliunganisha siku mbili kuwa moja. Muuza duka wa Mwanga anayehudumia watu kutwa nzima anaweza kupatwa na jambo hilohilo.

Ukimaliza sehemu hii, mwambie afumbe macho auwaze uso mzima kwa dakika moja, kimya. Kisha muulize mtu yule alionekana mkali kiasi gani, mpole kiasi gani, mwenye akili kiasi gani: kidogo, wastani, au sana. Si kwamba tabia inaandikwa usoni. Maswali haya yanamtoa kwenye vipande vya pua na mdomo na kumrudisha kwenye uso mzima, na Charlie Frowd na wenzake huko Uingereza wameonyesha kwamba picha zinazotengenezwa baada ya hatua hii hutambulika vizuri zaidi.

Kuchora

Penseli ya HB kwa kuanzia, ya 2B na 4B kwa kukazia, ufutio laini, karatasi nyeupe za A4. Uso uwe mkubwa wa kutosha kujaza sehemu kubwa ya karatasi. Kumbuka kwamba mchoro utapita kwenye fotokopi ya stesheneri kisha upigwe picha kwa simu, kwa hiyo vivuli hafifu vitapotea. Mistari inayobeba sura iwe wazi.

Anza na uso wa wastani, kwa mistari myepesi sana. Mstari wa macho unakaa katikati ya kichwa, kati ya utosi na kidevu. Wanaoanza huupandisha juu na kumfanya kila mtu aonekane hana paji. Upana wa kichwa unalingana na macho matano hivi. Kati ya chini ya pua na kidevu, mstari wa midomo hukaa theluthi moja kutoka juu. Kutoka hapo, kazi yote ni kuulizia alivyotofautiana na wastani huu: uso mrefu au mviringo, komwe au paji lililolala, taya pana au kidevu kilichochongoka, macho yaliyokaribiana au yaliyoachana.

Umbo zima kwanza, sehemu baadaye. Shahidi ni hodari wa kusema "hapana, si hivyo" kuliko wa kueleza kutoka mwanzo, kwa hiyo mpe kitu cha kukataa. Mwonyeshe, umwulize, "Kitu gani hakiko sawa?" Usiseme, "Ndiye?" Watu wetu wana adabu na wanamheshimu anayewasaidia, atasema ndiye ili asikuvunje moyo.

Ulizia alama kwa utaratibu: kovu, chale, baka, chunjua, makengeza, chongo. Kwenye meno, tenganisha mwanya wa kuzaliwa nao na pengo la jino lililong'oka. Ulizia pia rangi ya meno, kwa kuwa madoa ya kahawia yanayotokana na floraidi ni ya kawaida kwa waliokulia sehemu za Arusha au Singida, na huku kwetu huonekana haraka. Masikio yachore kwa makini kama yalionekana. Yanabadilika kidogo sana utu uzimani.

Asichokiona, usikichore. Kama alivaa kofia ya bodaboda iliyofunika paji, chora kofia na uache nywele. Kama hakumbuki pua, iache hafifu na uandike pembeni "pua: hana hakika". Hapa ndipo mchoraji mzuri hupata kishawishi kikubwa. Mkono unataka kumaliza, unataka uso uwe hai na wa kupendeza, na ule uzuri uliouongeza ni uso wa mtu mwingine kabisa. Mchoro wa kumbukumbu unaruhusiwa kuwa na mapengo.

Hifadhi kila hatua. Usifute toleo la kwanza na kulichora upya juu yake. Chukua karatasi mpya, uiandike namba, tarehe na saa. Mwishoni shahidi aseme kwa maneno yake mchoro unakaribia kiasi gani, na yaandikwe hivyohivyo. Mashahidi watatu, michoro mitatu. Uchunguzi uliofanywa Uingereza na Vicki Bruce na wenzake mwaka 2002 ulionyesha kwamba kuchanganya picha za mashahidi wanne kuwa moja huleta sura iliyo karibu zaidi na mtu halisi, kwa sababu makosa yao hayafanani. Hilo lifanywe baadaye, na kila mchoro ubaki ulivyo kwenye jalada. Kuwakalisha mashahidi mezani wakachora pamoja ni jambo tofauti kabisa, nalo halifai.

Kuutazama mchoro na kutambua

Uso wa mtu tusiyemjua tunaukamata kwa nje: nywele, umbo la kichwa, mstari wa taya. Uso wa mtu tunayemjua tunautambua zaidi kwa ndani: macho, pua, mdomo na nafasi zilizopo kati yake. Shahidi alimwona mgeni, kwa hiyo mchoro wake una nguvu nje na udhaifu ndani. Anayetakiwa kuutambua ni mke, jirani au fundi mwenzake mtuhumiwa, ambaye anatafuta ndani. Wanakutana mahali ambapo mchoro ni dhaifu zaidi, na ndiyo maana watu wanaomfahamu kabisa aliyechorwa huupita ukutani.

Kwa hiyo, ukiletewa mchoro, usiutazame mara moja na kusema simjui. Uweke mbali, hatua nne au tano, uupate uso mzima. Kisha ziba nywele kwa kiganja, utazame macho hadi mdomo peke yake. Halafu uinamishe karatasi uutazame kwa ubavu, sura ikiwa imebanwa. Frowd aligundua kwamba kuutazama hivyo huwasaidia watu kutambua, labda kwa sababu makosa madogo ya vipimo hupoteza nguvu yake. Mfikirie huyo mtu bila ndevu, akiwa amenyoa, amekonda, amevaa miwani. Nywele, ndevu, unene na mavazi hubadilika kwa wiki moja. Umbali kati ya macho, urefu wa pua, taya, masikio na makovu hubaki.

Likikujia jina, jiulize limetoka wapi. Je, ni sura, au ni kwa sababu ulikuwa unamshuku tangu zamani? Ukishafikiria jina kwanza, kila mchoro utafanana naye. Tafuta kisichofanana kwa bidii ileile uliyotafutia kinachofanana. Kovu lisilokuwapo, au kimo kilichopungua kwa kipimo cha mkono, lina uzito kuliko nyusi zilizolingana.

Kuupeleka kwa watu

Anza na wachache wanaoona wengi: makarani wa boti Kibirizi, viongozi wa vijiwe vya bodaboda, wapokezi wa nyumba za wageni, mama ntilie wa stesheni. Mwone kila mmoja peke yake. Swali ni, "Kuna mtu unayemfahamu anayekaribia sura hii?" na jina lake uliandike bila kulitaja kwa mwingine. Watu wanne wasiosikiana wakileta jina moja, una pa kuanzia. Watu arobaini wa kundi moja la simu wakilirudia jina la wa kwanza, hao ni mtu mmoja.

Kama polisi wameamua kuutangaza, uwe na maneno yanayosomeka: kwamba umetokana na kumbukumbu ya shahidi na si picha halisi, kwamba asikamatwe wala kushambuliwa mtu kwa kufanana nao, na taarifa zipelekwe wapi. Kama hawajaamua, usiusambaze.

Marekani walijifunza hili kwa gharama kubwa. Mwaka 1984, jimbo la Maryland, mtu alipiga simu kusema kwamba mchoro uliotokana na maelezo ya watoto wawili ulifanana na Kirk Bloodsworth. Maelezo ya awali yalitaja mtu mwembamba. Bloodsworth alikuwa mnene. Alihukumiwa kifo mwaka uliofuata, na akatoka mwaka 1993 baada ya vipimo vya vinasaba kuonyesha kwamba hakuwa yeye. Kule kutolingana kwa umbo kulikuwa kwenye karatasi tangu siku za kwanza.

Jina likishapatikana

Sasa weka mchoro chini utafute ushahidi mwingine: alikuwa wapi usiku ule, simu yake, vitu vilivyoibwa viko wapi. Kisha, kama shahidi anapaswa kutambua, ni gwaride la utambulisho. Misingi yake ilipangwa tangu shauri la Mwango Manaa la mwaka 1936. Mtuhumiwa asimame kati ya watu wasiopungua wanane wanaokaribiana naye kwa umri, kimo, sura na hali ya maisha. Achague mwenyewe nafasi ya kusimama. Aelezwe kwamba anaweza kuwa na wakili au rafiki. Afisa anayepeleleza kesi asiendeshe gwaride, na shahidi asimwone mtuhumiwa kabla, hata kwa kumpita kwenye korido.

Nami naongeza: usimwonyeshe shahidi mchoro wake kabla ya gwaride, na chagua washiriki kwa kufuata maelezo yake ya awali, si mtuhumiwa peke yake. Jennifer Thompson wa North Carolina alishambuliwa mwaka 1984. Alisaidia kutengeneza picha, akachagua picha ya Ronald Cotton, kisha akamchagua tena kwenye gwaride, kwa hakika iliyoongezeka kila hatua. Cotton alikaa gerezani zaidi ya miaka 10 hadi vinasaba vilipomtoa mwaka 1995. Mhusika wa kweli aliwahi kuletwa mahakamani mbele ya Thompson, naye hakumtambua. Uso uliochaguliwa ulikuwa umeshauondoa ule ulioonwa.

Kuhusu kompyuta

Programu za kulinganisha mchoro na picha zipo. Brendan Klare, Anil Jain na wenzao wa Michigan State University walichapisha mwaka 2011 jaribio la michoro 159 ya kesi halisi dhidi ya hifadhi ya picha zaidi ya 10,000. Michoro inayochorwa msanii akiwa anatazama picha, programu huilinganisha vizuri sana. Iliyotokana na kumbukumbu ya shahidi huishinda mara nyingi. Kinachotolewa ni orodha ya nyuso za kuchunguzwa, na kila jina lililomo lipimwe kama lile la karani wa boti. Picha za watu nazo zina ulinzi wa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kwa hiyo kukusanya picha za wakazi mtandaoni ili "kujaribu" mchoro si kazi ya mtu binafsi.

Kufunga jalada

Aliyefanya akipatikana, au jina likithibitika kuwa si lenyewe, rudi kila ulikopeleka mchoro. Ubandue ukutani, waombe waliokuwa nao kwenye simu waufute, na waambie waziwazi wale wanne waliotaja jina kwamba mtu yule ameondolewa. Kisha mchoro wa asili, matoleo yake yote na maelezo ya kwanza ya shahidi viwekwe kwenye jalada moja, vikiwa na sahihi ya aliyepokea na tarehe.